Gari Kuchemsha Katikati ya Baridi Kali

Gari limetoka kubadilishwa gasketi ya silinda hedi. Siku mbili linakwenda vizuri. Asubuhi ya tatu, nje nyuzi 25 chini ya sifuri, linashika I-94 kutoka Saint Paul, na kabla halijavuka Mississippi mjini Minneapolis mshale wa joto umefika kwenye nyekundu. Mwenye gari anasema gasketi imeungua tena. Mimi huomba hedi isiguswe kwanza. Kazi hiyo ni ghali, na chanzo mara nyingi kiko kwenye maji.

Hita ikipuliza baridi huku injini inachemsha, na nyuma ya dashibodi kuna mlio wa maji yanayogugumia, hewa imenaswa ndani. Injini za silinda za kulala, kama za Subaru, ni sumbufu zaidi kuzitoa hewa. Inua pua ya gari, fungua hita hadi mwisho, jaza polepole, subiri thamostati ifunguke, acha ipoe, kisha ongeza.

Lakini tuseme hita inatoa joto. Zima injini, usifungue kifuniko cha rejeta, shika mipira yake. Wa juu unaunguza, wa chini ni barafu. Thamostati huenda imekwama. Ila gari lililolala saa kadhaa kwenye gereji yenye joto likapona lenyewe, kisha likachemsha tena barabarani, linatuambia jambo jingine: rejeta inaganda. Thamostati ikiwa bado imefungwa, maji ya rejeta yamesimama mbele ya upepo wa barabarani. Inapofunguka, hayapiti.

Wengi wetu tulijifunza magari Nairobi, Mombasa au Arusha, ambako dumu la maji ya bomba halikosi kwenye buti na halimdhuru mtu haraka. Hapa linaua injini. Hata fundi mwangalifu hunaswa na hesabu hii: mfumo unabeba lita 7, baada ya kuusuuza, lita 2.5 za maji zimebaki ndani ya bloku. Anajaza lita 4.5 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu. Kulanti halisi ni lita 2.25 tu, kama asilimia 32, na mchanganyiko huo huanza kuganda karibu na nyuzi 17 chini ya sifuri. Mwishoni mwa Januari 2019 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini. Nusu kwa nusu ya kweli huhimili hadi 37. Kwa hiyo baada ya kusuuza, mimina kwanza lita 3.5 za kulanti isiyochanganywa, ndipo umalizie kwa maji, na upime kwa refraktometa injini ikishazunguka na kuchanganya.

Kipimo kikiwa sawa na hewa imetoka, lakini mipira inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha, hapo shuku gesi ya silinda. Weka kwenye mdomo wa rejeta, kabla injini haijapata moto, chombo cha kupimia gesi hiyo, chenye dawa ya buluu. Dawa ikigeuka njano, gesi inapenya, na hedi itafunguliwa kweli. Safari hii ilazwe rula ya chuma juu yake na kupitishwa filagoji. Injini nyingi hazivumilii mpindo unaozidi milimita 0.05, unene ulio chini ya unywele wa wengi wetu. Ukizidi, hedi isagwe kwanza, na uso wa bloku upimwe vilevile, kabla gasketi nyingine haijanunuliwa.