Marudio na Usikivu: Kuhusu "Drumming" ya Steve Reich

Muziki wa uminimali, yaani ule unaojengwa kwa vipashio vichache mno vinavyorudiwarudiwa kwa muda mrefu, umeshtakiwa kosa moja tangu ulipochipuka Marekani katika miaka ya 1960: kwamba ni utupu uliovishwa jina la sanaa. Tarehe 18 Januari 1973, "Four Organs" ya Steve Reich ilipopigwa katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, baadhi ya wasikilizaji walipiga kelele wakitaka ikome. Shtaka lao si la kupuuzwa. Kazi hiyo ina vinanda vinne vya umeme, manyanga yasiyonyamaza, na fungu moja tu la sauti linalorefushwa hatua kwa hatua hadi mwisho. Anayengoja wimbo hataupata.

Lakini wimbo haukuahidiwa. Katika insha yake ya 1968, Reich alieleza kwamba alitaka mchakato wa utunzi usikike wazi ndani ya sauti zenyewe. Nia hiyo imetimia vizuri zaidi katika "Drumming", iliyotungwa kati ya 1970 na 1971. Kazi nzima, ambayo huchukua yapata saa moja, imesimama juu ya ruwaza moja ya mapigo 12. Wapigaji huanza na pigo moja tu. Palipokuwa kimya hutia pigo jingine, mpaka ruwaza ikamilike. Kisha mmoja huharakisha kidogo mno, huku mwenziwe akishikilia mwendo ule ule, hadi yule wa kwanza awe ametangulia kwa pigo moja. Kati ya hatua hizo mbili sikio hupotea. Likirudi, husikia vijiwimbo ambavyo hakuna mpigaji hata mmoja anayevipiga peke yake. Waimbaji huviokota na kuviiga kwa sauti zao. Msikilizaji asiyekuwa makini hatasikia ila kelele ya vijiti.

Hapa panahitajika uangalifu. Mapema katika miaka ya 1960 Reich alikisoma kitabu cha A. M. Jones cha 1959 juu ya muziki wa Kiafrika (Jones huyo alikuwa mmisionari katika nchi iitwayo leo Zambia, jirani ya Katanga), na mwaka 1970 alikwenda Legon, Ghana, kujifunza ngoma za Waewe kwa Gideon Alorwoyie, hata malaria ikamkatisha. Mwenyewe alisema kwamba safari hiyo ilimthibitishia njia aliyokwisha kuianza. Na ndivyo ilivyo, kwani "Piano Phase" ni ya 1967. Alisema pia kwamba hakutaka kuiga milio ya Kiafrika, bali kujifunza mpangilio wake.

Mpangilio huo, hata hivyo, ameuchukua nusu. Kwa Waewe kengele ya chuma hurudia bila kubadilika, lakini ngoma kuu husema juu yake: huita, huamuru, huwageuza wachezaji. Katika "Drumming" hakuna ngoma kuu wala mchezaji, na hadhira huketi kimya. Kilichobaki ni kengele bila neno.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiafrika aliyefundishwa kwamba marudio ni alama ya muziki usiokomaa ana haki ya kuuliza kwa nini marudio hayo huitwa fikra yakipigwa New York, na desturi yakipigwa na Waewe. Si sababu ya kuikataa "Drumming". Ni sababu ya kuisikiliza kwa sharti ambalo ngoma za Waewe zimelidai siku zote: kila mzunguko ulipe sikio jambo ambalo mzunguko uliotangulia haukulitoa. Kwa kipimo hicho "Drumming" inafaulu, hasa katika sehemu ya marimba. "Four Organs" inafaulu nusu tu: sikio likishaielewa kanuni yake, dakika zinazosalia ni za kungoja itimie.