Yambwa Tendwa na Yambwa Tendewa katika Sentensi za Kiingereza: Uhakiki wa Kigezo cha Maswali kwa Kurejelea Mwansabombwe

Sarufi nyingi za shuleni humfundisha mwanafunzi kutambua yambwa za Kiingereza kwa maswali mawili: kinachojibu "nini?" ni yambwa tendwa, na kinachojibu "kwa nani?" ni yambwa tendewa. Makala haya yanahakiki kigezo hicho kwa kumzingatia mwanafunzi wa Mwansabombwe, mkoani Luapula, Zambia, anayeanza masomo kwa Kibemba.

Udhaifu wa kwanza ni kwamba maswali hayo hupima maana, si muundo. Katika "The fisherman gave the woman a fish" na "The fisherman gave a fish to the woman", mpokeaji ni yuleyule na jibu ni lilelile. Hata hivyo, kwa mujibu wa Huddleston na Pullum (2002), katika sentensi ya pili "the woman" ni kijalizo cha kihusishi "to", wala si yambwa tendewa.

Udhaifu wa pili ni kupuuza lugha ya mwanafunzi. Katika Kibemba, "ukuleta" huzaa "ukuletela", kama "leta" inavyozaa "letea" katika Kiswahili. Mtendewa huingizwa na mnyambuliko wa kitenzi, bila kuhitaji kihusishi. Kiingereza hakina mnyambuliko huo. Kila kitenzi kina masharti yake. Mwanafunzi aliyezoea muundo wa "alitueleza somo" ana sababu ya kuandika "He explained us the lesson". Kigezo cha maswali kinamuunga mkono, kwa kuwa "us" inajibu "kwa nani?". Mtihani unamhesabia kosa, kwa kuwa "explain", tofauti na "give", hakipokei yambwa mbili. Kosa hilo limeandaliwa na kanuni aliyofundishwa.

Suala hili linaigusa sera. Utaratibu ulioanza kutekelezwa nchini Zambia mwaka 2014 ulizifanya lugha za wenyeji kuwa lugha za kufundishia hadi darasa la 4, kabla ya Kiingereza kushika nafasi hiyo. Daraja kati ya hatua hizo mbili linahitaji vigezo vya kimuundo: nafasi ya nomino baada ya kitenzi bila kihusishi, uwezo wake wa kuwa kiima katika kauli ya kutendwa ("The woman was given a fish"), na orodha ya vitenzi vinavyopokea yambwa mbili. Vigezo hivyo vikifundishwa sambamba na "ukuletela", Kibemba kitakuwa nyenzo ya kujifunzia Kiingereza badala ya kulaumiwa kwa makosa yasiyo yake.