Mikeno Lodge: nyumba zilizojengwa bila kuusukuma msitu

Ukishika barabara ya Rutshuru kutoka Goma hadi Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, utakuta Mikeno Lodge, nyumba za wageni ambazo jicho huchelewa kuziona. Hilo halikutokea kwa bahati.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ulikuwa kuigawa nyumba. Jengo moja la vyumba 12 lingedai uwanja mpana uliofyekwa. Vibanda 12 vimejipenyeza kati ya miti, kila kimoja na kieneo chake kidogo. Matawi yamebaki yameshikana juu, na mbega na kima bado wanapita humo.

Kisha kuna ukuta. Jiwe la lava tunalijua sisi wa Goma: ndilo linalotukatalia kuchimba msingi, hata wengi wakaegesha nyumba za mbao juu yake. Mjini mara nyingi huishia kwenye uzio, na nyumba yenyewe ikafunikwa lipu na rangi. Huko Rumangabo jiwe hilo limeachwa wazi. Lina vitundu vilivyobaki gesi ilipotoka lava ikipoa; vitundu hivyo hushika unyevu, kuvumwani ikaota, na ukuta ukazidi kufanana na msitu kadiri unavyozeeka. Rangi haiwezi kufanya hivyo.

Paa ni la nyasi. Nyasi hutaka mwinamo mkali ili mvua iteremke kabla haijapenya, na upenu mrefu ili ukuta usilowe. Chini ya kivuli hukauka polepole, kwa hiyo huoza mapema. Tena ndani mna mahali pa kuota moto, maana usiku kuna baridi: dohani lazima ipite kilele cha paa, la sivyo cheche moja inatosha.

Ninachosita kukiiga ni mbao za mahogani. Msitu wa Virunga tayari unakatwa kila siku kwa ajili ya makaa. Mikaratusi ya kupandwa inatosha.

Ndugu mjenzi, usiifiche nyumba kwa kuishusha bondeni, hasa upande wa Sake na Lac Vert. Waulize kwanza wenyeji kuhusu mazuku. Hiyo ni hewa ya kaboni dioksidi: ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hulala mabondeni bila kuonekana, na imeshaua watu.