Sayyida Salme mbele ya kamera: uso wake na mizigo yetu

Wengi mmeiona picha hii, hata kama hamkujua ni ya nani. Mwanamke kijana amevaa nguo za kifahari za Unguja, suruali ya marinda, ushungi kichwani na mapambo tele. Ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Picha yake imepamba majalada ya vitabu, na watu huisifu kuwa ndiyo sura ya mwanamke wa Pwani wa karne ya 19.

Mimi nasema tusiharakishe.

Picha ilipigwa Hamburg, studio ya H. F. Plate, mwishoni mwa miaka ya 1860. Salme aliondoka Unguja Agosti 1866 kwa manowari ya Waingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mei 1867, huko Aden, alibatizwa, akaolewa, akawa Emily. Kwa hiyo nguo hizi hazikuwa tena vazi lake la kila siku. Halafu hebu tazama uso: uko wazi. Binti wa Sultani asingesimama hivyo mbele ya mwanamume wa kando bila barakoa. Nguo ni za Unguja, uso ni wa Hamburg. Wanaoiita picha hii "mila" wameliruka hilo.

Wapo wanaosema basi, alivalishwa tu kuwafurahisha Wazungu. Hilo nalo silikubali. Huyu alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili aya za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mtu wa namna hiyo si mwanasesere. Mimi naona mtu aliyevaa kile alichobakiwa nacho cha kwao.

Lakini natoka Puge, na macho yangu hayaishii usoni, yanateremka mpaka kwenye mapambo. Utajiri wa jumba lile ulitoka wapi? Karafuu, ndiyo, zilizolimwa na watumwa. Na pembe za ndovu, zilizopita huku kwetu Unyamwezi mabegani mwa wapagazi. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba. Miezi yote hiyo ni miguu ya watu. Kupanda bara walibeba merikani, kaniki na shanga, kushuka, pembe. Na njia hiyohiyo walishushwa watu wa kuuzwa. Salme mwenyewe, kitabuni mwake, aliutetea utumwa wa Waarabu kuwa haukuwa mkali kama wa Wazungu. Siwezi kuitazama picha nikalisahau hilo.

Bibi yake bibi yangu alivaa kaniki. Nimehadithiwa tu; picha yake haipo.

Sisemi picha ya Salme ishushwe. Huko Unguja, kwenye makumbusho ya jumba la Forodhani alitengewa chumba chake. Mhurumie, anastahili: mumewe alikufa 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki ugenini na watoto watatu wadogo. Ila ukimaliza kumtazama yeye, jiulize waliobeba walikuwa akina nani, na kwa nini ukutani hawapo.