Madaraka, Mamlaka na Neno "Isipokuwa"

Katika maandishi mengi ya uraia, maneno "mamlaka", "madaraka" na "uwezo" hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kasoro hii si ya msamiati tu. Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 hutaja madaraka na mamlaka ya Serikali pamoja, na kueleza kuwa yote hutoka kwa wananchi. Mwenye kukabidhiwa, basi, si mwenye mali.

Ibara ya 37 humwacha Rais huru asilazimike kufuata ushauri. Lakini sentensi haikomi hapo. Hufuata "isipokuwa": pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Mfasiri au mwalimu akatizaye sentensi kabla ya neno hilo huwa ameung'oa mpaka wenyewe.

Yafaa, basi, "mamlaka" yawe haki ya kuamuru itokayo kwa wananchi. "Madaraka", kazi na wajibu wa cheo. "Uwezo", nguvu ya kutenda tu. Mwenye bunduki ana uwezo, mamlaka hana. Raia asiyefundishwa tofauti hiyo hataweza kuuliza amri aliyopewa imetoka wapi.