Saa moja jioni, Waterloo: visanamu vya jeshi na watu wasiofinyangwa

Mwaka 1834 maofisa wa Kiingereza waliopigana Waterloo walianza kupokea barua kutoka kwa luteni mmoja, William Siborne. Barua yenyewe ilikuwa ya ajabu kidogo. Hakuwaomba visa vya ushujaa. Aliwauliza: tarehe 18 Juni 1815, ilipokaribia saa moja jioni, kikosi chako kilikuwa kimesimama wapi hasa? Kilikuwa kimejipanga vipi? Adui aliyekuwa mbele yenu naye je? Na pale mliposimama shamba lilikuwa na mazao gani?

Mazao! Miaka kumi na tisa imeshapita, wenyewe wamezeeka, wengine wana viungo vilivyobaki kulekule Ubelgiji, na huyu bwana anataka habari za mashamba. Nilipofika hapo katika kitabu cha Peter Hofschröer, Wellington's Smallest Victory (2004), nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana ni waandishi wachache sana wa riwaya za kihistoria, wetu na wa wenzetu, ambao huwa wanauliza swali zuri kama hilo. Ukijua mazao yalikuwa yamefika kifuani utajua nani alimwona nani.

Siborne hakuwa anaandika riwaya. Alikuwa anatengeneza uwanja mzima wa vita juu ya meza, na visanamu zaidi ya 70,000 vya madini, kila kimoja na urefu wa kama milimita 10. Kazi hiyo alipewa na wakubwa wa jeshi mwaka 1830. Alikwenda kuishi miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja wenyewe, akipima kila mwinuko na kila bonde. Mwaka 1833 serikali ikakata fedha. Akaendelea kwa fedha zake, na zilipokwisha, kwa fedha za kukopa. Mwaka 1838 kazi ilioneshwa London, katika ukumbi wa Egyptian Hall, watu wakalipa shilingi kuingia na wakajaa kweli. Leo iko London bado, katika Jumba la Makumbusho la Jeshi.

Ninaandika haya kwa wapenda fasihi kwa sababu nadhani visanamu vya kijeshi ni aina ya usimulizi, na vinastahili kuhakikiwa kama usimulizi. Kuna watu duniani, na si wachache, wanaofanya kazi hii mpaka leo. Kwa Kiswahili tungesema wanachonga, lakini neno la haki ni kufinyanga: anayechonga anapunguza, na hawa wanaongeza. Unakunja waya upate mifupa ya mtu, unakanda putii ya sehemu mbili ambayo hukauka baada ya saa chache, unaipachika kidogokidogo: paja, kiuno, koti, mkanda, kifungo. Ukimaliza, hicho ndicho kisanamu mama. Kinawekwa katika kalibu ya mpira, na humo humiminwa madini ya moto yenye bati nyingi. Zamani ilikuwa risasi, na Kiswahili hapo kimewahi wenzake wote, kwa kuwa neno ni lilelile kwa kilichomtengeneza askari wa kuchezea na kilichomuua askari wa kweli. Siku hizi wengine wanafinyanga kwenye kompyuta na kuchapa kwa printa ya rezini, lakini ubishi haujabadilika.

Ubishi ni kuhusu usahihi. Mtu anaweza kukataa kazi nzima kwa sababu mshono wa kola ni wa mwaka 1812 na kikosi kile kilipewa sare mpya mwaka 1815 tu. Wanaitana, kwa utani na kwa hasira, wahesabu vifungo. Mimi nawaheshimu. Ila kuna jambo wanalolijua wote na hawapendi kulisema sana: kisanamu kilicho sahihi kabisa hakiwezekani. Chukua ukubwa unaopendwa sana mezani, mtu mzima wa milimita 28. Mtutu wa bunduki, ukiupunguza kwa kipimo hicho hicho, unabaki na unene wa kama theluthi moja ya milimita. Utavunjika kabla haujatoka kwenye kalibu. Basi mfinyanzi anaunenepesha mtutu, na mkono unaoushika unakuwa mkubwa pia, na kichwa kinafuata ili visichekeshe. Ukimtazama askari huyo kwa makini utaona ana viganja kama makasia.

Siborne mwenyewe alidanganya hivyohivyo. Ardhi yake imepunguzwa mara 600. Watu wake wamepunguzwa mara 180. Yaani wanajeshi wake ni wakubwa zaidi ya mara tatu kuliko uwanja waliosimamia, la sivyo mtazamaji angeona vumbi tu. Sina ugomvi na uongo wa aina hiyo. Riwaya nayo inafupisha miaka kumi kuwa ukurasa, na inampa mhusika maneno ambayo hakuna aliyekuwepo kuyaandika.

Uongo unaonishughulisha ni mwingine, nao haumo katika kisanamu kimojakimoja. Umo katika saa.

Kwa nini saa moja jioni? Siborne alitaka kilele: Napoleon anatupa karata ya mwisho, walinzi wake wa Imperial Guard wanapanda mlima kuwakabili Waingereza. Ukiwa Mwingereza, hakuna saa tamu kama hiyo. Lakini saa hiyo ina tatizo. Kufikia saa moja, jeshi la Prussia la Blücher lilikuwa limeshafika. Lilikuwa limepigana kwa saa kadhaa kwenye kijiji cha Plancenoit, nyuma ya ubavu wa Napoleon. Ukichagua dakika hiyo na ukawa mwaminifu, meza inajaa Waprussia, na mtazamaji aliyelipa shilingi yake kuona ushindi wa Duke Wellington anaanza kuhesabu vichwa na kujiuliza maswali.

Siborne alikuwa mwaminifu. Aliwaandikia Waprussia pia. Na upande wa Duke haukufurahi. Waliona Waprussia wamewekwa mbele mno na wengi mno. Hofschröer anausimulia ugomvi huo kama kesi ya jinai: Duke ndiye mshitakiwa, makarani wake ni washirika, na mwishowe maelfu ya visanamu vya Prussia vinang'olewa mezani. Kitabu kinasomeka haraka, karibu kama hadithi ya upelelezi, na ndio udhaifu wake. Hofschröer ni mwendesha mashitaka. Shahidi wa upande wa pili hapewi kiti. Wellington, kwa mfano, katika taarifa yake ya kesho yake ya vita aliwashukuru Waprussia waziwazi. Mtu aliyetaka kuwafuta hakuanza kwa kuwashukuru. Mimi nadhani jambo lilikuwa la kawaida zaidi, na baya zaidi: hakuna aliyehitaji njama. Mzee mashuhuri alikuwa na picha yake kichwani, watumishi wake wakaijua bila kuambiwa, na fundi mwenye madeni akaelewa wapi pa kulegeza. Siborne alikufa mwaka 1849 bila kurudishiwa gharama zake.

Ninachokithamini katika kitabu hiki ni kwamba kinaonesha usahihi wa kifungo na usahihi wa saa ni vitu viwili. Hakuna mtu aliyelalamika kwamba Mprussia wa Siborne amevaa kofia isiyo yake. Lalamiko lilikuwa kwamba yuko pale.

Na hapo ndipo ninaposhindwa kutowafikiria watu wa kwetu, kwa sababu nao wamo katika fani hii. Orodha za wauza visanamu wa Uingereza na Marekani zina neno letu, limeandikwa vilevile: askari. Kwetu askari ni yeyote, hata mlinzi wa geti. Kwao ni mtu mmoja tu, Mwafrika wa jeshi la kikoloni, hasa yule wa Wajerumani katika vita ya 1914 hadi 1918. Na amefanyiwa kazi, sikatai. Tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki na pazia la shingo, nembo ya tai mbele, vitambaa vilivyozungushiwa miguuni, bunduki ya zamani aina ya Mauser iliyotoa moshi mzito. Wahesabu vifungo wamefika huko pia, na wamefanya vizuri.

Lakini tazama anafanya nini. Anapiga risasi. Anakimbia na singe. Anasubiri nyuma ya bunduki ya Maxim. Daima ni saa ya mapigano, wakati vita ile katika nchi yetu kwa sehemu kubwa ilikuwa kutembea. Ukichagua saa ya safari badala ya saa ya risasi, meza inabadilika kabisa: askari wanakuwa wachache, na mstari mrefu unaowafuata ni wapagazi, wake wa askari, watoto, maboi. Upande wa Waingereza nao walichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao mpaka leo, ingawa ukishuka pale kununua kitambaa hufikirii hilo.

Mfano mzuri uko hadharani, kwa shaba na kwa ukubwa wa mtu. James Alexander Stevenson, Mwingereza, ndiye aliyetengeneza Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, na pia ile ya Nairobi iliyoko Kenyatta Avenue. Mkono ni uleule, na vita ni ileile. Maandishi ya chini, kote kuwili, yanawataja wapagazi. Lakini Nairobi wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar yuko askari peke yake, na singe yake inaelekea bandarini. Naipenda sanamu ya Dar. Ina mwendo, ina mwili wa mtu aliyechoka lakini hajasimama. Ila kama usahihi ndio kipimo, ya Nairobi imeishinda, hata vifungo vikilingana. Ya Dar imewaachia maneno kazi ambayo shaba ilipaswa kuifanya.

Abdulrazak Gurnah katika Afterlives (2020) alilijua hili. Hamza wake ni askari wa Wajerumani, lakini riwaya inamfuata kwenye saa ambazo hakuna mfinyanzi anayezifinyanga: chumbani kwa ofisa, kitandani kwa wamisheni akiuguza jeraha, kisha mjini, mtu anayetafuta kazi.

Najua jibu la wafinyanzi. Mteja ananunua anachokitumia, na mpagazi hapigi risasi, kwa hiyo hana kazi katika mchezo wa vita. Ni jibu la kweli kibiashara. Lakini si kweli kwamba hawezi kufinyangwa, kwa sababu ameshafinyangwa. Mark Copplestone, mmoja wa mafundi ninaowapenda sana, aliwatengeneza katika visanamu vyake vya Darkest Africa, vya misafara ya karne ya 19, pamoja na ruga-ruga na askari. Jina la mfululizo huo silipendi hata kidogo. Wapagazi wake nawapenda.

Kiufundi mpagazi ni mgumu kuliko askari. Mzigo wake ulikuwa karibu kilo 27, na uzito huo hauonekani kwenye mzigo. Unaonekana shingoni, kwenye mabega yaliyoshuka, kwenye goti ambalo halinyooki mpaka mwisho. Hana kifungo hata kimoja cha kuhesabu. Kitambaa kiunoni, mwili mtupu, mkono mmoja juu. Ukikosea misuli ya shingo, huna kola ya kuifichia.