Ziwa Linaletwa Uani

Ukitoka Bunia kwa barabara ya Kasenyi, nchi inaporomoka ghafla kuelekea bondeni, na Ziwa Albert linatokea chini yako, pana, na mitumbwi yake, na Uganda ng'ambo. Kwa ramani safari si ndefu. Hata hivyo watoto wengi wa mjini hawajaifanya, maana barabara za mkoa wa Ituri haziendewi kwa matembezi tu. Ziwa wanalijua sokoni: sangala aliyekatwa vipande, ngege wa kukaanga, muziri waliokaushwa juani. Basi mtoto anayetimiza miaka saba akisema anataka aniversere yake iwe ya ziwa, ameomba jambo kubwa. Anataka ziwa limfuate uani, Jumamosi saa nane mchana, pamoja na wenzake wa mtaa.

Kuna wanawake wanaolikubali ombi kama hilo bila kushtuka, na ninataka kuusifu ufundi wao. Dukani utapata maputo, sahani za karatasi zenye picha za katuni na kofia za kung'aa, mizigo iliyopitia Uganda mpaka kwetu. Ni vitu vizuri. Lakini sherehe yenye mada, ikitengenezwa nyumbani, ina sharti lake: kila kitakachoingia mkononi au kinywani mwa mtoto siku hiyo kitii mada. Keki itii ziwa, mchezo utii ziwa, hata kifurushi cha kuondokea kitii ziwa. Na vyote vitoke katika vitu vilivyomo nyumbani, sokoni na kwa fundi cherehani. Hapo ndipo akili na mkono hupimwa.

Dada mmoja wa Mudzipela, hapa Bunia, hupikia keki watoto wa mtaa wake. Oveni hana. Ana jiko la makaa, sufuria nene yenye mfuniko wa bati uliolala sawa, na mchanga aliouosha, akaukausha na kuuchekecha. Keki yake ni ile ambayo Wafaransa huiita quatre-quarts: mayai, sukari, margarini na unga, kila kimoja kwa uzito ule ule. Mizani yake ni fimbo iliyofungwa kamba katikati, na vifuniko viwili vya makopo vinaning'inia kwenye ncha. Anaweka mayai manne mazima upande mmoja, upande wa pili anamimina unga mpaka fimbo ilale sawa. Kisha sukari, kisha margarini. Mayai yakiwa madogo, keki nzima inapungua kwa kipimo kile kile na haiharibiki. Hahitaji kusoma gramu popote.

Kazi ya kwanza ni kuchapa margarini na sukari kwa mwiko, na hapo haraka haina baraka. Chembe za sukari zinakwaruza mafuta na kuacha ndani yake vipovu vidogo vya hewa visivyoonekana kwa jicho. Mchanganyiko unaanza wa njano, mzito, unaonata. Taratibu unapauka, unakuwa laini, na mwiko unaanza kupita bila kupingwa. Hamira ya keki haiwezi kuumba vipovu vipya. Kazi yake ni kuvivimbisha vile ambavyo mkono umekwisha kuviweka. Aliyechoka mapema atajua keki ikikatwa.

Na Bunia ina jambo lake. Mji umekaa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa inakandamiza kidogo kuliko pwani, na maji yanachemka karibu na nyuzi 96 za Selsiasi. Gesi ya hamira inapanuka upesi; keki inapanda kwa kishindo, kisha inazama katikati kabla haijashika. Dada yule hajasoma habari za mkandamizo wa hewa, lakini kijiko ambacho pakiti inakiagiza yeye anakipunguza, anakisawazisha kwa kidole na kurudisha kidogo. Mikono imejifunza mwinuko wa mji.

Keki inatiwa vanila, nayo inalimwa katika mkoa huu huu, upande wa Mambasa. Ua lake likichanua huwa wazi kwa siku moja tu, na mkulima hulichavusha kwa mkono, kwa kijiti chembamba. Ganda nalo huchukua karibu miezi tisa kukomaa mtini. Mbinu hiyo ya kuchavusha ilivumbuliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, aliyekuwa mtumwa, naye alikuwa na umri wa miaka 12. Napenda watoto wa sherehe waambiwe hilo wakati harufu inapanda: utamu huu wameupata kwa macho makali ya mtoto mwenzao.

Sasa moto. Mchanga unatandazwa ndani ya sufuria, kimo cha vidole viwili, unafunikwa na kupashwa mpaka ushike joto lote. Vijiwe vitatu vinapangwa juu yake, na bati la keki linakaa juu ya vijiwe lisiguse mchanga. Chini ya sufuria yanabaki makaa machache tu; mengi yanahamishiwa juu ya mfuniko, karibu mara mbili ya yale ya chini, kwa sababu joto la chini linapanda lenyewe lakini la juu lazima lilazimishwe kushuka. Makaa yakiwa makali, anayanyunyizia majivu. Anashikilia kiganja juu kidogo ya makaa ya mfuniko na kuhesabu moyoni; akilazimika kukitoa upesi mno, moto umezidi. Mfuniko haufunuliwi kwa kuchungulia. Anangoja harufu: kwanza ya yai, halafu ya sukari, mwisho ile ya ukoko mkavu unaokaribia rangi ya asali. Hapo tu ndipo anafunua na kuchoma njiti katikati.

Keki ni ya mstatili. Anaikata pembe mbili za mbele, vipande vilivyotoka anavibandika nyuma kwa jemu, na umepata mtumbwi. Tatizo ni maji ambayo utaelea juu yake. Bluu ni rangi adimu jikoni: karoti inatoa chungwa, bitiravi inatoa waridi, mboga za majani zinatoa kijani, lakini bluu haichumwi mahali popote. Ukipata kabichi nyekundu, njia ipo. Inakatwakatwa, inachemshwa, maji yake ya zambarau yanapunguzwa motoni mpaka yawe mazito. Halafu bikabonati, chembe zinazokaa kwenye ncha ya kisu. Zambarau inageuka bluu mbele ya macho yako. Ukizidisha, inakimbilia kijani. Ukidondosha ndimu, inakuwa waridi. Sukari inatwangwa kinuni mpaka iwe vumbi, inachujwa kwa kitambaa chepesi, inakorogwa na matone ya ile bluu. Ziwa linamwagwa juu ya sinia, na mtumbwi unawekwa katikati.

Vitafunio vingine navyo vinatii. Mandazi yanakatwa umbo la samaki, kwa kisu, na jicho la punje ya karafuu ambayo watoto wanajua kuing'oa kabla ya kula. Kashata ya karanga inataka mtu asiyeitwa-itwa. Karanga zinakaangwa, zinasuguliwa kwa viganja, maganda yanapeperushwa. Sukari inayeyushwa kavu, bila maji, katika sufuria nzito. Ikipita nyuzi 160 inaanza kugeuka rangi, na kutoka rangi ya chai nyepesi mpaka uchungu wa kuungua ni muda wa kugeuza shingo. Karanga zinaingia, mchanganyiko unamwagwa kwenye ubao uliopakwa mafuta, na kisu kinapita kabla haujakauka: mraba uliolazwa kwa pembe ni mwili, pembetatu ndogo ni mkia. Ukichelewa, samaki wote wanapasuka. Kinywaji ni tangawisi baridi, iliyopunguzwa ukali na kuongezwa nanasi kwa ajili ya ndimi ndogo.

Katika michezo, ninaoupenda kuliko yote ni uvuvi. Spika ya redio iliyokufa inavunjwa na sumaku yake inatolewa. Fundi redio ana rundo lake na hulitoa kwa bei ndogo. Sumaku inapasuliwa vipande, kila kipande kinashonewa katika kijifuko cha kitambaa ili kisikwaruze vidole, kinafungwa kwenye uzi, uzi kwenye kijiti. Samaki wanakatwa kutoka maboksi ya kartoni, kila mmoja na kibanio cha karatasi mdomoni. Tazama jinsi wanavyochorwa: sangala mgongo uliobinuka na mdomo mpana, ngege mwili wa duara na mapezi yaliyosimama, muziri mwembamba kama kidole. Nyuma ya kila samaki kuna agizo: ruka kamba, taja mto, iga sauti ya injini ya pirogi. Samaki wanatupwa ndani ya beseni kubwa na wavuvi wanakaa kuzunguka. Mtoto aliyeingia kwa haya, amejishika kwenye kanga ya mama, anapata kijiti mkononi na mahali pa kutazama. Baada ya samaki wa pili ameshasahau kwamba hajui mtu.

Mitumbwi ya kuchezea inatengenezwa palepale, na watoto wenyewe. Mgomba uliokwisha kuzaa unabanduliwa magamba yake. Ndani ya kila gamba mna vyumba vidogo vya hewa, ndiyo maana linaelea hata likijeruhiwa. Mjomba au kaka mkubwa anakata vipande, watoto wanabana ncha kwa vijiti vya mianzi, wanasimika mlingoti, wanatundika tanga la kipande cha kitenge kilichookotwa chini ya cherehani. Wanaopenda magari wanaundiwa magurudumu ya soli ya kambambili kuukuu, na mtumbwi wao unapata lori la kuubeba mpaka sokoni. Hakuna mtoto anayeuliza kwa nini lori limeingia ziwani.

Kifurushi cha kuondokea ndicho kinachoonyesha kama mwenye kazi alifikiri mpaka mwisho. Vitunguu vinakuja sokoni katika magunia ya neti. Neti hiyo inakatwa vipande, inaoshwa, inashonwa kuwa nyavu ndogo. Ndani ya kila wavu: samaki watatu wa kashata, bisi zilizofungwa katika karatasi ya daftari, na samaki mmoja wa kartoni mwenye jina la mgeni. Mdomo unafungwa kwa uzi wa katani. Gharama yake ni ndogo, lakini mtoto anabeba wavu wenye samaki, na sharti la ziwa limetimizwa mpaka mlangoni.

Wageni hutoka jua likiwa bado juu. Mkoa uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura Mei 2021, na wazazi wa Bunia wanajua kupima saa ya kurudi nyumbani. Wapo pia mjini watoto waliokimbia vijiji vya Djugu na Irumu, ambao hawana ua wa kufanyia sherehe. Mafundi niwajuao hukata samaki wa ziada na kuoka bati la pili kwa ajili yao, na sumaku ni ile ile.

Ninawaheshimu mafundi hawa kwa sababu hawachukulii furaha ya mtoto kuwa jambo dogo lisilostahili umakini. Anayepunguza hamira kwa kidole na kungoja harufu ya tatu anafanya kazi kamili, sawa na seremala au mhunzi, na anastahili kulipwa na kuitwa fundi. Nawe mzazi unayesoma, mwite wiki moja kabla, asubuhi. Mtoto wako akae karibu na jiko, achape mwiko zamu yake, achore ngege wake mwenyewe. Atakapofika miaka kumi na miwili atakuwa na uwezo wa kumletea mdogo wake ziwa, au msitu, au mji mzima, kwa jiko moja la makaa.